Nina miaka 27 na mkojo unatoka kwa shida: chanzo ni nini, na hutibiwaje?

Karani wa Mjengo, Kasarani

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaandika juu ya jambo ambalo sijaweza kumweleza mtu yeyote nyumbani, kwa hiyo naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Tangu mwezi wa pili mwaka huu mkojo wangu hautoki kama zamani. Nikiingia chooni nasimama nikisubiri, wakati mwingine nusu dakika au zaidi, na ukianza kutoka huwa mwembamba kama uzi, hugawanyika pande mbili, na hunibidi kukaza tumbo ili uendelee. Nikidhani nimemaliza na kufunga suruali, matone hunifuata hadi yakalowesha nguo ya ndani. Haipiti nusu saa kabla sijahisi tena kwamba kibofu kimejaa. Usiku naamka mara tatu. Nikipanda matatu kwenda kazini na foleni ya Thika Road ikashikana, sifikirii tena kuchelewa, nafikiria choo cha kulipia kilicho karibu na mahali nitakaposhuka. Maumivu makali sina, ila kuna mwasho kidogo mkojo unapoanza kutoka.

Nimekwenda katika kliniki moja ya mtaani mara tatu. Mara zote niliambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa vidonge vya antibiotiki, na mara zote mkojo wangu haukupimwa. Mara ya kwanza nilipata nafuu ya wiki moja; mara ya tatu sikupata nafuu yoyote. Kisha muuzaji wa duka la dawa akanipa dawa ambayo, kwa maneno yake, hutumiwa na wazee wenye ugonjwa wa tezi dume. Niliogopa kuimeza na pakiti bado imo kabatini. Jirani naye ananihimiza nimwone mganga ambaye matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za stima, kwa kuwa eti anasafisha kibofu kwa siku saba.

Je, kijana wa umri wangu anaweza kushikwa na tezi dume? Kama si hiyo, ni nini, na nianzie wapi? Niongeze kwamba hutafuna miraa Jumamosi nikiwa na wenzangu, iwapo hilo lina uhusiano wowote.

Afisa wa Kliniki, Umoja

Kaka, umejieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaoketi mbele yangu, na maelezo yako yananifanya nitilie shaka yale uliyoambiwa mara tatu. Nimefanya kazi katika chumba cha wagonjwa wa nje kwa miaka tisa, nami nitakueleza jinsi ninavyoufikiria mkojo wa namna hii kwa mwanamume kijana, ingawa jibu la mwisho atakupa yule atakayekupima.

Tuliondoe kwanza hili la tezi dume. Tezi hiyo huuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kibofuni, na kukua kwake uzeeni ndiko kunakowabana wazee, lakini kukua huko ni nadra sana kabla ya miaka 40. Kijana anaweza kupata uvimbe wa tezi unaotokana na bakteria, ambao ukija kwa ghafla huandamana na homa, kutetemeka na maumivu ya msamba, yaani pale kati ya korodani na tundu la haja kubwa. Upo pia ule wa muda mrefu, wenye maumivu ya nyonga yanayokuja na kwenda kwa miezi, na huo mara nyingi hauna bakteria yeyote ndani yake, ndiyo maana antibiotiki za kurudiarudia hazimfai anayeugua. Wewe hukutaja lolote kati ya hayo.

Maambukizi ya mkojo nayo hayawapati wanaume vijana kwa wepesi kama yanavyowapata wanawake, kwa kuwa mrija wetu una urefu wa takriban sentimita 20 na bakteria hawafiki kibofuni kwa urahisi. Mwanamume akitibiwa maambukizi mara ya pili na ya tatu, swali linalostahili kuulizwa ni kitu gani kinauzuia mkojo usitoke wote, maana mkojo unaobaki kibofuni ndio unaolea bakteria. Inaniuma kuona kijana akimeza dawa kwa miezi minane bila mtu kuchukua kikopo na kumwambia aweke mkojo tuupime.

Ninalolifikiria kwanza kwako ni kovu ndani ya mrija. Utando wa ndani ukijeruhiwa hupona kwa kufanya kovu, na kovu hujikunja kadiri miezi inavyokwenda, hata njia iliyokuwa pana ikabaki kama tundu la sindano. Mkojo mwembamba, unaogawanyika na kuacha matone, ndiyo dalili yake. Kisonono kisichotibiwa, au kilichotibiwa nusu, ni chanzo cha tangu zamani na bado tunakiona. Wengine huumizwa walipowekewa mpira wa mkojo kwa nguvu, wengine huvunjika nyonga katika ajali za bodaboda, na wengine huanguka wakiwa wamepanua miguu juu ya kitu kigumu, kama fremu ya baiskeli. Anguko la namna hiyo huuponda mrija dhidi ya mfupa wa kinena. Mtu hupona, akasahau kabisa, kisha baada ya mwaka au miaka kadhaa shida ya mkojo ikamjia naye asiihusishe na siku ile. Je, limewahi kukupata lolote kati ya haya? Jibu bila haya, hapa hakuna anayekujua.

Ikiwa kovu halipo, hutazamwa shingo ya kibofu, ambayo kwa baadhi ya vijana haifunguki ipasavyo wakati wa kukojoa, bila kosa lao lolote. Hutazamwa pia mishipa ya fahamu, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu au jeraha la uti wa mgongo hukifanya kibofu kishindwe kusukuma. Kama ulikulia Pwani au kando ya Mto Tana na uliwahi kukojoa damu utotoni, mwambie daktari, kwa sababu kichocho huacha alama kibofuni. Zipo pia dawa zinazobana mkojo: baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua, dawa za mzio zinazoleta usingizi, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva.

Kuhusu miraa, umeuliza swali la maana. Kathinoni iliyo ndani yake huusisimua mwili kama adrenalini ifanyavyo, na misuli ya shingo ya kibofu hukaza. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995, lililofanywa kwa wanaume wenye afya, lilionyesha kwamba kutafuna hupunguza kasi ya mkojo, na kwamba dawa inayolegeza misuli hiyo huiondoa athari. Wanaotafuna muguka watambue kwamba ni mmea uleule. Hata hivyo athari hiyo ni ya muda tu, kwa hiyo haiwezi kueleza mkojo mwembamba wa Jumatano kwa mtu aliyetafuna Jumamosi. Iache kwa sasa, ili isituchanganye wakati wa vipimo.

Fanya hivi leo jioni. Chukua jagi lenye alama za mililita, subiri hadi mkojo ukubane vizuri, ukojoe humo huku simu ikihesabu sekunde, kisha ugawe mililita kwa sekunde. Andika pia saa unazokwenda chooni kwa siku tatu. Hospitalini omba mkojo upimwe na kuoteshwa maabara ili ionekane kama una bakteria, sukari ya damu ipimwe, na ultrasaundi ya kibofu ifanywe kabla na baada ya kukojoa. Halafu uombe rufaa ya kumwona daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo.

Siku ambayo mkojo utakataa kabisa kutoka na tumbo la chini likaanza kuvimba, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo ukipata homa ya kutetemeka, au ganzi ikikushika msambani na miguu ikalegea.

Karani wa Mjengo, Kasarani

Daktari, nimesoma jibu lako mara mbili na nilipofika kwenye fremu ya baiskeli nikasimama. Miaka miwili iliyopita, tukijenga ghorofa huko Ruaka, nilipanda jukwaani kuhesabu mawe, mbao ikateleza, nikaangukia boriti miguu ikiwa imepanuka. Sikuweza kupumua kwa muda. Jioni nilipovua nguo niliona tone la damu, na siku mbili zilizofuata msamba uligeuka rangi ya zambarau. Sikumwambia mtu, kwa kuwa msimamizi alikuwa na desturi ya kumwachisha kazi yeyote anayelalamika. Kisha nikapona, na kwa kweli sikuwahi kuliwaza tena hadi jana usiku.

Kisonono sijawahi kuugua ninavyojua. Mpira sijawahi kuwekewa. Nimekulia Murang'a.

Nimepima kwa jagi: mililita 240 zimechukua sekunde 58.

Fundi Bomba, Githurai

Mdogo wangu, hiyo ni kama mililita nne kwa sekunde. Nami nilikuwa hapo, kwa hiyo sikiliza usije ukapita njia niliyopita mimi.

Kovu langu lilitokana na kisonono nilichokipata nikiwa na miaka 22, nikatibiwa kwa vidonge vya kununua dukani bila kumaliza. Miaka tisa baadaye nilikuwa nikikojoa nimeinama, mkono ukutani. Katika hospitali ya kwanza walinipanua kwa vyuma. Wanaanza na chembamba, wanafuatisha kinene, na siku ile mkojo hutoka vizuri hata ukatamani kulia kwa furaha. Baada ya miezi mitatu ulikuwa uleule, nikarudi, wakarudia. Nilifanyiwa hivyo mara tano, na hakuna aliyeniambia kwamba kila mara chuma kinapopasua kovu, jeraha jipya huponea kwa kovu jingine. Mara ya sita daktari mwingine alikataa kunigusa kabla ya picha, na picha ilionyesha kovu la sentimita nne.

Hiyo picha usiiogope. Unalazwa kwa ubavu, goti moja limekunjwa, dawa ya rangi inaingizwa kwa mbele polepole, na eksirei zinapigwa dawa ikiwa inapanda. Kuna kuungua kidogo na aibu nyingi, yakaisha kwa robo saa. Nilipooneshwa niliona mstari mpana mweupe, halafu uzi, halafu mstari mpana tena.

Upasuaji wangu ulikuwa wa kutanua mrija kwa kipande cha ngozi laini kilichotolewa ndani ya shavu. Ndiyo, shavu la mdomo. Walinieleza kwamba ngozi hiyo imezoea unyevu na hushika haraka inapopandikizwa. Kwa siku kumi chai nilikunywa ya baridi na ugali niliutafuna upande mmoja. Mpira ulikaa wiki tatu, na sitasema uongo, wiki hizo zilikuwa ndefu, kwa kuwa kila nikigeuka usiku ulikuwa ukivuta. Siku ulipotolewa, muuguzi aliniambia ninywe maji na kungoja. Nilipokwenda chooni nilisikia mkojo ukigonga maji ya choo kwa kishindo, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, nikasimama pale hata baada ya kumaliza.

Huu ni mwaka wa sita na sijarudi kupanuliwa. Ukiambiwa utapanuliwa kabla ya picha, shukuru kwa adabu na uondoke.

Mtaalamu wa Fiziotherapia, South B

Kaka, kwa historia uliyoitoa nakubaliana na waliotangulia, na neno langu ni kwa vijana wengine watakaosoma haya na ambao hawakuanguka popote. Si kila mkojo unaokatika una kovu nyuma yake.

Ninawatibu wanaume ambao picha ya mrija wao ni safi, lakini misuli ya sakafu ya nyonga, ile ile unayoibana ukitaka kuzuia mkojo, haijui tena kulegea. Mtu anapokojoa, kibofu hutakiwa kukaza huku misuli hiyo ikilegea kwa wakati uleule. Kwa hawa vyote viwili hukaza pamoja, na mkojo hutoka kwa vipande, ukianza na kukatika. Wengi wao wana kazi zinazowalazimu kuuzuia kwa saa nyingi: madereva wa masafa, walinzi wa malangoni, wahudumu wa madukani. Matibabu yao ni mafunzo. Tunatumia vibandiko vya kupima misuli ili mgonjwa aone kwenye kioo cha kompyuta ni wakati gani anakaza na ni wakati gani amelegea, kisha anajifunza kupumua kwa tumbo, kukaa chooni badala ya kusimama, na kutosukuma. Hili huchukua wiki kadhaa, si siku saba. Nawaonya pia wasijifundishe mazoezi ya kubana nyonga kutoka kwenye video, kwa sababu mwenye misuli iliyokaza akizidi kuikaza anaongeza ugonjwa wake.

Wapo tena wanaokojoa vizuri nyumbani, lakini wakisimama katika choo cha umma na mtu akaingia nyuma yao, mkojo hukataa. Hilo ni hofu, linatambulika kitabibu, nalo hutibiwa kwa mtu kuzoezwa hatua kwa hatua pamoja na mshauri, akianza na mahali penye watu wachache. Anayeugua hivyo asichomwe sindano za kisonono ambacho hana.

Afisa wa Kliniki, Umoja

Karani, ahsante kwa ukweli wako kuhusu Ruaka. Sasa hadithi imekamilika, na ningeandika anguko hilo katika mstari wa kwanza wa barua yako ya rufaa. Ukifika, litaje wewe mwenyewe hata usipoulizwa.

Mambo mawili tu. Ile pakiti iliyo kabatini, kama ni tamsulosini, ni dawa nzuri mahali pake: hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na kijana ambaye shingo yake haifunguki anaweza kupewa. Kovu, hata hivyo, si misuli na halilegezwi na kidonge. Ungeimeza ungepata kizunguzungu na shahawa kupungua bila faida yoyote. Pili, ukizidiwa kabla ya kufika kwa daktari bingwa, mweleze atakayekupokea kwamba inashukiwa una kovu, ili asilazimishe mpira kupita mbele. Mpira ukigoma kupita, ipo njia ya kupitisha mpira mdogo tumboni, juu kidogo ya kinena, hadi ndani ya kibofu.

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii kama hujajisajili, na uulize mapema ni sehemu gani ya gharama italipwa.

Karani wa Mjengo, Kasarani

Ndugu zangu, zimepita wiki tano na naona ni haki niwarudie.

Mkojo ulioteshwa ukaonyesha bakteria, na safari hii dawa ilichaguliwa kwa kuangalia ni ipi inayowaua bakteria hao. Sukari iko sawa. Ultrasaundi ilionyesha kwamba baada ya kukojoa mililita 140 hubaki kibofuni, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nikirudi chooni baada ya nusu saa. Niliandikiwa rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Foleni ilikuwa ndefu, lakini nilimpata daktari aliyenisikiliza.

Nilikojoa katika faneli iliyounganishwa na mashine, na mashine ikachora mstari. Daktari alinichorea kando mstari wa kijana mwenye afya, unaopanda na kushuka kama kilima na kuvuka mililita 15 kwa sekunde bila taabu. Wangu ulipanda kidogo hadi sita, ukalala bapa kama meza kwa zaidi ya dakika nzima. Alisema umbo hilo bapa humwambia mengi hata kabla ya picha. Picha nayo, kama alivyonieleza Fundi, ilichukua robo saa. Kovu liko sehemu ya mrija iliyo juu ya msamba, mahali palepale boriti iliponigonga, nalo lina urefu wa sentimita moja na nusu.

Ameniwekea njia mbili mezani. Ya kwanza ni kulikata kovu kwa kisu kidogo kinachopitishwa ndani ya mrija pamoja na kamera, kazi ya muda mfupi isiyo na jeraha la nje, na kwa kovu fupi kama langu inaruhusiwa kujaribiwa mara moja, ila kwa wengi kovu hurudi. Ya pili ni kufungua msamba, kukiondoa kipande chote chenye kovu na kuziunganisha ncha mbili zilizo nzima. Hiyo ni kubwa zaidi, mpira utakaa wiki mbili au tatu, lakini kwa kovu fupi lililotokana na anguko, alisema zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hawarudi tena na shida ile. Niliuliza kuhusu uzazi na nguvu za kiume, naye hakunikwepa: alisema baadhi hupata upungufu wa nguvu kwa miezi ya kwanza, na kwa walio wengi hurudi.

Nimechagua ya pili. Jana nilimweleza mama kila kitu, tangu siku ya Ruaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani atakayenipikia uji wiki hizo, akasema atakuja kutoka Murang'a siku moja kabla ya kulazwa kwangu. Ile pakiti nimeirudisha dukani.